Mlo Usio na Nyama Huko Wembley

Msafiri akirudi kwao huulizwa maswali mawili: Umeona nini? Na umekula nini? Swali la kwanza hujibiwa upesi, maana picha za majumba na madaraja zimeenea kila mahali, na hata mtoto wa darasa la nne huko Chepkoilel amekwisha kuiona saa kubwa ya London katika simu ya baba yake. Swali la pili ndilo lenye kazi. Chakula cha watu hakijulikani kwa picha. Sharti unawe, uketi, ule, ndipo uwajue ni watu wa namna gani. Kwa hiyo katika habari za safari yangu ya Uingereza ya mwezi wa Agosti, 2023, nitayaacha majumba, nami nitaeleza mlo mmoja tu, nilioula katika mkahawa wa Wahindi wasiokula nyama, mahali paitwapo Wembley.

Yafaa kwanza niwaeleze wasomaji wa mbali Chepkoilel ni wapi. Ni mwendo wa kilomita 9 hivi kutoka mjini Eldoret kwa barabara ya Ziwa, katika nchi ya Uasin Gishu. Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walianzisha hapo chuo cha kuwafundisha wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikafanywa chuo cha walimu. Mwaka 1990 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret, ingawa wenyeji wengi bado hukiita kwa jina la Chepkoilel. Mimi ni karani hapo, tena ninazo ekari chache za mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kwetu mahindi ndiyo fedha, na maziwa ndiyo heshima. Mgeni akija hupewa mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu. Akiwa mgeni wa maana, huchinjiwa. Mlo usio na nyama, kwa wazee wetu, ni chakula cha siku zote. Si chakula cha kumkaribishia mtu.

MEZA TATU ZA ELDORET

Mji wa Eldoret ulianzia katika shamba lililokuwa na namba 64, na ndiyo sababu watu wa zamani waliuita Sixty-Four, na Wakalenjin hata leo huuita Sisibo. Makaburu walifika Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908. Reli ilifika mwaka 1924. Wahindi nao walikuja wakafungua maduka, karakana na viwanda vya mbao. Lakini kulima hawakuruhusiwa, maana serikali ya Uingereza ilikuwa imekata shauri kwamba ardhi ya nyanda za juu iwe ya Wazungu peke yao, na mwaka 1923 ikalithibitisha neno hilo. Basi Mzungu akawa shambani, Mhindi dukani, na Mwafrika akawa kibarua wa wote wawili.

Hivyo watu wa aina tatu wakaishi katika mji mmoja, kila mmoja na meza yake. Marehemu baba yangu alikuwa mchukuzi wa magunia katika duka moja la Mhindi kwa miaka 11. Kaunta ya duka lile aliijua kila ufa wake. Lakini nyuma ya kaunta palikuwa na mlango wa kuingilia nyumbani, na mlango huo hakuuvuka hata siku moja. Kila adhuhuri harufu ya bizari na vitunguu ilimfikia pale alipokaa juu ya magunia akila ugali wake uliofungwa katika karatasi. Chakula chenyewe hakukiona. Alizoea kutuambia, "Mhindi namjua bei zake; yeye mwenyewe simjui." Neno hilo nilikwenda nalo Uingereza bila kutazamia kwamba lingenifaa huko.

NJIA YA WEMBLEY

Binti yangu ni muuguzi katika hospitali moja ya London. Mwenzake wa kazi ni mwanamke wa Kigujarati, ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Aliposikia kwamba baba wa rafiki yake amekuja kutoka Kenya, alisema hawezi kuniacha nirudi bila kunialika. Jumamosi moja tukapanda gari la moshi la chini ya ardhi, njia ya Piccadilly, tukashuka stesheni ya Alperton, tukaanza kuifuata barabara iitwayo Ealing Road.

Mtu aliyezoea kwamba Uingereza ni nchi ya Wazungu hushangaa afikapo hapo. Kuna hekalu la Kihindu lililofunguliwa mwaka 2010, lote la mawe yaliyochongwa. Kuna masonara, maduka ya sari, na mafundi cherehani. Mbele ya maduka ya mboga kuna bamia, mbaazi mbichi, embe, nazi, na majani ya kila namna. Katika sanduku moja niliona muhogo, umepakwa nta usikauke, na juu yake imeandikwa kwa wino: MOGO. Nikamwuliza mwuzaji umetoka Afrika? Akajibu kwamba umetoka Costa Rica. "Basi jina hili umelipata wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la jua. "Mogo ni mogo," akasema.

Hapo binti yangu akacheka, na mwenyeji wetu akaeleza. Wagujarati waliokaa Afrika ya Mashariki walilichukua neno muhogo kwa Waswahili, wakalifupisha. Walipohamia Uingereza walikwenda nalo. Sasa hata Mhindi aliyezaliwa London, asiyewahi kuiona Mombasa, huuita mmea huo kwa jina letu. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioubeba mpaka Afrika. Basi mzizi huo umevuka bahari mara nyingi, lakini katika mtaa huo umebaki na jina lililotoka pwani yetu.

Inafaa kukumbuka jinsi watu hao walivyofika huko. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria mbili, moja ya uhamiaji na moja ya leseni za biashara, na wale wasiokuwa raia wakabanwa katika kazi na biashara. Wahindi wengi walikuwa na pasi za Uingereza, wakaanza kuondoka kwa wingi. Bunge la Uingereza likapitisha upesi sheria ya kuwazuia, ikaanza kutumika mwezi wa Machi, 1968. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 watoke nchini, na watu zaidi ya 27,000 wakapokelewa Uingereza. Hawakupokelewa kwa furaha na wote. Baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwasihi wasiende huko. Walikwenda vivyo hivyo, na leo barabara ya Belgrave Road katika mji ule ni mashuhuri kwa mikahawa ya mboga. Wengine walikaa Wembley, na mikahawa waliyoifungua ndiyo hii tuliyokuwa tukiiendea.

SAHANI YENYEWE

Mkahawa ulikuwa mdogo, safi, umejaa watu wa rika zote: vikongwe, watoto, vijana wa vyuo, na Wazungu wawili watatu. Hapakuwa na pombe. Kwanza tuliletewa muhogo uliochemshwa, ukakatwa vipande, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na pilipili, kitunguu saumu na ndimu. Mtu aliyepata kununua muhogo wa kukaanga kando ya bahari huko Mombasa angeutambua ladha yake mara moja. Kwetu Chepkoilel, penye urefu wa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, muhogo haustawi kwa sababu ya baridi, na wengi wetu tunauona ni chakula cha watu wa Busia. Bei niliyoona katika orodha sitaitaja, mke wangu asije akaisoma.

Baada yake yakaja mahindi yaliyokatwa vipande na magunzi yake, yakapikwa kwa tui la nazi na karanga. Kisha ikaja sahani kubwa ya chuma kisichoshika kutu, iitwayo thali, na juu yake bakuli ndogo ndogo zimepangwa mviringo. Nitazitaja moja moja, maana wakulima watapenda kujua. Bakuli ya kwanza ilikuwa ya mbaazi zilizobambuliwa maganda na kupasuliwa, zimepikwa zikawa kama mchuzi, zenye ukali wa ukwaju na utamu kidogo wa sukari guru. Ya pili ilikuwa ya biringani na viazi. Ya tatu ilikuwa ya bamia. Ya nne ilikuwa ya maziwa ya mgando yaliyopikwa pamoja na unga wa dengu. Palikuwa na wali, achari ya embe, na chapati nyembamba sana, zilizopakwa samli, ambazo mtumishi alizidi kuziongeza kila zilipopungua. Kando yake bilauri ya maziwa ya mgando yaliyotiwa maji, chumvi na jira. Mwisho ukaja mgando uliokamuliwa maji yake katika kitambaa, ukatiwa sukari, iliki na zafarani, mzito kama siagi.

Nilikula nikashiba, nami ni mtu wa ng'ombe. Nilipoangalia bakuli zile nikaona kwamba tatu katika chakula kile zilikuwa ni maziwa. Watu hawa hawamli ng'ombe, lakini wanamtegemea kuliko sisi tunaomla.

MANENO YA MAMA MMOJA

Karibu na mlango aliketi mama mmoja wa Kihindi, umri wake miaka zaidi ya 70, anapokea fedha. Mkahawa ni wa mwanawe. Alipotusikia tunazungumza Kiswahili aliinua uso.

"Mnatoka wapi, ndugu zangu?"

"Kenya, mama."

"Kenya wapi?"

"Eldoret."

Akaweka kalamu chini. "Sixty-Four!" akasema, kwa sauti hata watu wa meza ya jirani wakageuka. Alizaliwa Eldoret, akaondoka na wazazi wake mapema mwaka 1968, akiwa msichana wa shule. Kiswahili chake kilikuwa cha miaka ile, na alikisema polepole, kama mtu anayetoa vyombo kabatini vilivyokaa bila kutumika. Aliniuliza habari za mto Sosiani na habari za stesheni ya reli. Nikamwuliza swali moja tu: muhogo aliuzoea wapi, maana Eldoret haulimwi?

Akaniambia hivi. Nyumbani kwao palikuwa na mtumishi kutoka upande wa Busia. Kila aliporudi kutoka likizo alileta muhogo katika kikapu, akauchemsha kwa ajili yake mwenyewe katika chumba chake cha uani. Watoto wa nyumba ile walitoroka wakaenda kula naye, maana chakula chake kilikuwa na ladha ya kitu kilichokatazwa. "Baba alikuwa hataki," alisema. "Sufuria ya yule mzee ilikuwa imepikiwa samaki. Mama alijua, lakini alinyamaza. Baadaye akaanza kuununua, akaupika kwa pilipili, na baba akaula. Hakuuliza tumejifunza wapi."

Kisha akanyamaza kidogo. "Siku tulipoondoka," akasema, "kila kitu kiliuzwa kwa haraka. Yule mzee alisimama kwenye lango. Baba alimpa mshahara wa mwezi mmoja. Mimi huwaza mpaka leo alikwenda wapi, na kama alipata kazi tena. Watu huja hapa wakaniambia mogo yako tamu. Mimi huwaambia si yangu."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimweleza kwamba baba yangu alifanya kazi dukani miaka ile ile. Aliniuliza, "Walimpa chakula?" Nikamwambia ukweli, kwamba hapana. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake, "Ilikuwa hivyo." Hakutaka kupokea fedha za mlo ule, wala mwenyeji wetu hakutaka kula bure, wakabishana kwa Kigujarati kwa muda mrefu mpaka wakapatana nusu.

SABABU YA MLANGO KUFUNGWA

Je, mlango ule ulifungwa kwa dharau tu? Dharau ilikuwapo, wala si vema kuificha. Sheria za siku zile ziliwapanga watu kwa ngozi zao, na kila aliyewekwa katikati alijifunza kumtazama wa chini kama alivyotazamwa na wa juu. Lakini ilikuwapo sababu nyingine, ambayo baba yangu hakuambiwa.

Msomaji asidhani kwamba Wahindi wote hawali nyama. Wagoa, Waismailia, Wabohora na Wapunjabi wengi huila. Wanaojizuia hasa ni Wajaini, ambao miongoni mwao ni jamii ya Oshwal yenye wafanya biashara wengi katika Kenya, pamoja na Wahindu wengi wa Gujarat. Msingi wa imani yao ni kutokidhuru chenye uhai. Wajaini walioshika sana hawali hata vitunguu, viazi wala muhogo, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuuua mmea na vijidudu vinavyoishi ardhini pamoja nao. Kwa watu kama hao, sufuria iliyopikiwa nyama haitakasiki kwa kuoshwa. Ndiyo sababu jiko lao lililindwa kama mahali pa ibada.

Lakini hebu tulipime jambo hili. Mwenye desturi hiyo hawezi kula kwetu. Hilo ni wazi, nasi hatuna haki ya kumlazimisha. Ila sisi sote twaweza kula kwake. Mwislamu hatauliza ni nani aliyechinja, maana hakuna kilichochinjwa. Mkristo, Msingasinga, Mkalenjin, Mjaluo, hakuna hata mmoja ambaye mbaazi zitamkwaza. Katika nchi yetu, penye makabila na dini nyingi, nyama huleta maswali kabla haijaleta shibe. Chakula cha mboga na kunde hakiulizi kitu. Kwa hiyo mlango ule wa nyuma ya kaunta ungaliweza kufunguliwa kwa kutokea ndani bila desturi yoyote kuvunjwa. Sahani ingaliletwa kwenye magunia. Haikuletwa, na hasara hiyo iliwapata wote wawili: mmoja aliondoka bila kujulikana, na mwingine akabaki akijua bei peke yake.

FAIDA KWA MKULIMA

Wakulima watauliza, Sahani hii yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mbaazi zile za Wagujarati hulimwa Ukambani, na Lindi na Mtwara katika Tanzania, nazo huuzwa India kwa wingi. Mwaka 2017 serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo kutoka nje, bei ilianguka vibaya, na mkulima wa Mtwara akajua kwamba mfuko wake umefungwa na kamba iliyoshikwa ng'ambo ya bahari. Laiti zaidi ya mbaazi hizo zingeliwa hapa hapa kwetu! Nafaka peke yake haiujengi mwili vya kutosha, wala kunde peke yake. Zikiliwa pamoja kila moja huongeza kilichopungua katika mwenzake. Wakikuyu walilijua hilo katika githeri kabla hatujaandikiwa na madaktari. Sisi wa Uasin Gishu tumeshika mahindi peke yake, shambani na mezani, tukingoja nyama ya sikukuu.

Na habari ya maziwa pia. Mwaka ule ule wa 1946, chuo cha Chepkoilel kilipoanzishwa kwa ajili ya wenye mashamba makubwa, wakulima wadogo wa wilaya ya Kaira katika Gujarat, wengi wao wakiwa na nyati wa maziwa mmoja au wawili tu, waliandikisha chama chao cha ushirika wa maziwa katika mji wa Anand. Chama hicho ndicho mwanzo wa Amul, jina linalojulikana India nzima, na India leo ndiyo nchi inayotoa maziwa mengi kuliko nchi zote duniani. Maziwa yaliyonijaza tumbo huko Wembley yana historia ya watu wadogo waliokubali kupima maziwa yao katika chombo kimoja.

Mwezi wa Julai, 2017, serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Ni tangazo jema. Lakini ujirani hauletwi na gazeti la serikali, wala si lazima mtu apande ndege kwenda London ili aule mlo niliouleza. Asafiriye kwa barabara ya Mombasa ashuke Makindu, katika hekalu la Wasingasinga lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli. Hapo avue viatu, afunike kichwa kwa kitambaa atakachopewa, anawe mikono, aingie. Atapewa dengu, chapati, wali na chai, bila kuulizwa kabila wala dini, tena bila malipo. Chakula chao ni cha mboga kwa makusudi, ili pasiwe na mgeni hata mmoja asiyeweza kukila.